Gesi Haiishi Kama Makala

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mbele ya wamama wa likelemba, chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, wanaouza maji baridi, sukre (soda) na samaki wa barafu, ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikiondoa tu pale ambapo watoto walilia.

Jambo yenu, wamama. Jambo na ninyi wababa watatu mliokaa karibu na mlango kama watu wenye deni.

Mama Prezidanti aliponipigia simu alisema hivi: fundi, njoo utuambie kwa nini frigo zetu zinakataa kutoa baridi, maana mwezi huu peke yake wanne kati yetu wamemwaga samaki wa Thomson. Nikamwuliza: samaki wachache? Akasema: katoni, fundi, katoni nzima. Nikanyamaza kwenye simu. Katoni ya Thomson ikioza katika joto hili, kinachooza ni zamu ya mtu kwenye likelemba, na minervali, ada ya shule ya mtoto, iliyokuwa inangoja hapo hapo.

Nitasema frigo, ingawa vitabu vinasema jokofu, na lile sanduku refu linalofunguliwa kwa juu nitaliita kongelateri. Tangu nianze kazi hii hakuna mtu wa Katuba aliyewahi kuniambia "jokofu langu limeharibika". Na ile frigo ya parokia iliyo nyuma yangu msiitazame kwanza. Nayo ni mgonjwa. Nimeomba isiguswe mpaka tumalize kuongea.

Niungame kwanza, kwa kuwa mahali penyewe ni pa kuungama. Mwaka wangu wa pili wa ufundi, mama mmoja wa Kenya, nasema komine yetu ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, si nchi, aliniletea frigo juu ya pusipusi. Sehemu ya juu, ya barafu, ilikuwa na baridi ya wastani. Chini, kwenye mboga na maziwa, hakuna kitu. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikatamka maneno ambayo kila fundi mchanga anayajua kabla hajajua kushika bisibisi: mama, gesi imeisha. Frigo ikakaa siku tatu kwenye atelie, imechomolewa, mlango wazi, maana nilikuwa na kazi nyingine. Siku ya nne nikaongeza gesi kidogo, nikachomeka. Baridi ikashuka mpaka chini, safi kabisa. Mama akalipa, akanibariki mimi na watoto ambao sikuwa nao bado. Baada ya siku tisa akarudi na ugonjwa ule ule. Frigo ikalala kwangu siku mbili, nikaongeza gesi, ikapona, akalipa. Mara ya tatu hakuja yeye. Alimtuma mume wake.

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Yule baba hakupiga kelele. Aliketi juu ya kiti changu, akaniuliza: "Kijana, hiyo gesi unayoitia kila mara inakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemlipisha mke wake mara mbili kwa kitu ambacho sikuweza kusema kimekwenda wapi. Usiku ule niliifungua frigo ile vipande vipande. Nilichokikuta nitawaambia baadaye, maana hamtakielewa kabla hatujazungumza juu ya hiyo gesi.

Wengi wenu mkisikia neno gesi mnafikiri ni kama makala, makaa ya kupikia. Unatia kwenye mbabula, yanawaka, yanakuwa majivu, unanunua mfuko mwingine. Gesi ya frigo haiwaki humo ndani na haiishi. Ile iliyotiwa kiwandani ndiyo inayozunguka miaka kumi, miaka ishirini, mpaka frigo iuzwe chuma chakavu. Na frigo haitengenezi baridi, wamama. Inabeba joto. Inalitoa ndani, inakwenda kulimwaga nje. Mfikirieni mama anayehamisha mchanga kutoka ndani ya ua kwa kikapu. Anajaza, anatoka, anamwaga barabarani, anarudi na kikapu kitupu. Mama ni mota, ile chupa nyeusi ya chuma iliyo nyuma kwa chini, ambayo mafundi wanaiita kompresa. Kikapu ni gesi. Ndani, kwenye mabomba yaliyojificha nyuma ya barafu, gesi inajaza joto la samaki wako. Nje, kwenye wavu mweusi wa mgongoni, au ndani ya kuta za pembeni kwa frigo nyingi za siku hizi, inalimwaga.

Kikapu hakiliwi na mchanga. Ukikiona kimepungukiwa, kimetoboka. Kwa hiyo mtu akikwambia gesi imeisha, mwulize lile swali la yule baba: imekwenda wapi? Fundi atakayekuonyesha doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba, au povu la sabuni linalofura mahali fulani, huyo mlipe. Anayekwambia "ni ya zamani tu, inapungua yenyewe" atarudi kwako baada ya wiki kadhaa, na kila mara atafurahi kukuona.

Sasa, kabla ya kulaumu kikapu, tumtazame mbebaji mwenyewe. Amekula? Njia yake iko wazi? Pale anapomwaga pamejaa?

Chakula chake ni kuran, umeme. Mtu ananiambia: fundi, kuran iko, taa ya ndani inawaka. Taa inawaka hata kwa volti 150, inakuwa nyekundu nyekundu tu kama jicho la mlevi. Mota ya frigo zetu imetengenezwa kwa volti 220, na ikishuka chini ya 190 hivi nyingi zinashindwa kuamka. Saa moja jioni hapa Katuba, kila nyumba imewasha rezo (jiko la umeme), televisheni na pasi, kuran inalegea. Frigo inayokufa saa moja jioni na kufufuka saa tano usiku haiumwi chochote. Ina njaa. Pimeni. Multimeta ndogo, kile kipimo cha kuran, ni bei ya kilo chache za samaki, na likelemba nzima inaweza kununua moja.

Usiku, frigo ikiwa haitoi baridi, zima redio, watoto walale, kaa karibu nayo dakika kumi. Usifungue. Sikiliza tu. Kuna frigo inayosema: mmm, sekunde tano, kumi, halafu tik. Kimya dakika mbili tatu. Mmm. Tik. Ukiisikia hivyo, ichomoe palepale, usingoje asubuhi. Mota inajaribu kusimama, inashindwa, inapata joto, na kuna kifaa kidogo cha ulinzi kinachoikatia kuran kabla haijaungua. Hiyo tik ni kile kifaa kinachookoa mota yako. Ukikiacha kifanye kazi hiyo usiku kucha, kwa wiki nzima, siku moja kitachoka, na hapo hutanunua kipande, utanunua mota.

Kwa nini inashindwa kusimama? Mara nyingi ni kuran dhaifu niliyoisema. Mara nyingine kuran imekatika na kurudi mara moja. Mota ikizimika, gesi upande mmoja bado imebanwa sana, upande mwingine imelegea, na inahitaji dakika tano hivi pande mbili zilingane. Ukimlazimisha mama ainue kikapu wakati mtu mwingine amekikalia, atavunjika mgongo. Kwa hiyo kuran ikikatika, chomoeni frigo. Ikirudi, hesabuni dakika tano ndipo mchomeke. Stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha kuran, nzuri ni ile inayongoja yenyewe dakika hizo kabla ya kupitisha kuran. Zile zinazowasha taa ya kijani papo hapo zinapendeza, lakini mimi sizinunui.

Na kama kuran ni nzima, volti 220 mchana kweupe, na bado inasema tik, basi mtuhumiwa ni rele, kile kiboksi kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa mota. Ikishachomolewa, fundi anakivuta, anakitikisa karibu na sikio. Kikilia kama mbegu za mahindi ndani ya kopo, kimepasuka ndani. Ni kitu kidogo cha bei ndogo. Nimeona mota nzima zikitupwa, na mpya zikinunuliwa, kwa sababu hakuna aliyetikisa kile kiboksi.

Kuna na ile ya kimya kabisa. Hata mmm hakuna. Hapo anza na vitu vya aibu: plagi imelegea, prizi imeungua, mtoto amezungusha kitufe cha termostati mpaka sifuri. Na kwa kuwa nimekitaja kile kitufe: namba zake si digrii, wamama. Saba si joto. Saba ndiyo baridi kali, moja ndiyo baridi kidogo. Nimeingia nyumba ambamo baba alikuwa ameweka kwenye moja, akaniambia kwa fahari kwamba ameiweka digrii moja. Ndani tunataka digrii 4 hivi, kwenye barafu 18 chini ya sifuri. Tumbukiza kipimajoto ndani ya glasi ya maji, kiache kilale usiku kucha katikati ya frigo, usome asubuhi kabla mtu hajafungua.

Haya. Mota inaunguruma sawa, haisemi tik, na bado samaki analainika. Peleka mkono nyuma, taratibu, ile chupa inaweza kuwa moto. Gusa wavu, au weka kiganja kwenye ubavu wa nje. Kama ni vuguvugu, furahi: kikapu kinatoka na joto, kazi inafanyika. Basi tatizo liko mahali pa kumwagia au mlangoni. Na hapa Lubumbashi, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua ziingie, mahali pa kumwagia panajaa vumbi letu jekundu. Mwezi wa nane nilivuta frigo moja ya Ruashi kutoka ukutani. Wavu wake haukuonekana. Ulikuwa umevaa blanketi: vumbi, nywele, utando wa buibui, moshi wa mafuta ya kukaangia. Joto litapita wapi? Nilitumia brosi kavu ya kupakia rangi na dakika ishirini. Sikuleta gesi, sikuleta bisibisi. Jioni yule mama alinipigia simu kuuliza nilibadilisha nini.

Isogezeni frigo mbali na ukuta, shibiri moja hivi. Na mbabula isikae ubavuni mwake, tafadhali. Ni sawa na kumwagia mchanga ndani ya kikapu ambacho mwenzako ametoka kukimwaga. Ninajua jikoni ni padogo. Basi mbabula itoke nje, kwani ile frigo haiwezi kutoka.

Mlango tunaupima kwa franka. Chukua noti ya 500, funga mlango juu yake, ivute. Ikibanwa, mpira ni mzima. Ikiteleza kama unaitoa mfukoni, pale hewa inaingia. Zungukeni mlango wote, juu, pembeni, chini, maana mpira huchakaa kona moja tu. Mpira uliokauka, kitambaa kilichochovywa maji ya moto kinaweza kuulainisha na kuurudisha umbo. Uliopasuka hauna dawa. Na kama unataka kujua taa ya ndani inazimika ukifunga, washa video ya simu, iweke ndani, funga, fungua, utazame. Taa isiyozimika ni mbabula ndogo ndani ya frigo.

Lakini ukigusa wavu, mota inaunguruma saa nzima, na wavu ni baridi kama ukuta wa kanisa, hapo sasa tunaweza kutaja gesi. Ama imetoka, ama mota inazunguka bila kusukuma. Fungua sehemu ya barafu. Kwa frigo ya kawaida, ile unayoyayusha barafu yake mwenyewe kwa mkono, barafu ikishika mahali padogo tu pale bomba linapoingilia, na kwingine kote kukavu, gesi ni kidogo. Ikishika kila mahali nene kama godoro, gesi ipo, na unachoteseka nacho ni mlango unaopitisha hewa au watoto wanaofungua kila dakika.

Na tundu linatoka wapi? Hapa nitaongea na ninyi wauza maji, na sitaongea kwa upole. Linatoka kwenye kisu. Saché za maji, vile vifuko vyenu, zimeshikana na ukuta wa kongelateri, mteja anangoja juani, mama anachukua kisu cha samaki. Pssss. Mnaijua sauti ile. Wengine mmenyamaza sasa hivi, nimewaona. Ule ukuta ni aluminiamu nyembamba, na ndani yake ndimo gesi inamopita. Kisu kimoja, kikapu kimekwisha. Kuziba tundu la aluminiamu kunawezekana, lakini ni kazi ngumu, na mara nyingi halitulii. Weka plastiki nene au mbao chini ya saché usiku. Zikishikana, mimina kikombe cha maji ya vuguvugu, ngoja. Mteja akiondoka, aondoke. Atakuacha na kongelateri yako.

Gesi ikitiwa, itiwe kwa haki. Nyuma ya kila frigo kuna kibati kinachosema ni gesi ya aina gani na gramu ngapi. R134a ni moja, R600a ni nyingine, na hazichanganywi. R600a ni ndugu ya ile gesi ya kupikia: inashika moto. Kiasi chake katika frigo ya nyumbani ni gramu chache, mara nyingi hazifiki 100, kwa hiyo haitiwi kwa kukadiria na sikio. Inapimwa kwa mizani. Kabla yake, tundu limezibwa, filta imebadilishwa, hewa na unyevu vimenyonywa kwa pampu. Fundi anayefika na chupa ya gesi peke yake, bila pampu, anaacha maji ndani ya mabomba. Yale maji yanaganda kwenye bomba jembamba kama unyuzi, yanaziba, frigo inakuwa moto, yanayeyuka, inapona, yanaganda tena. Na mtu akiwasha moto wa kuchomelea jikoni mwako kabla hajaitoa R600a yote, chukua watoto, tokeni.

Sasa turudi kwa mama wa Kenya na usiku ule wa aibu yangu. Frigo yake ilikuwa ile isiyoonyesha barafu kwenye kuta, nofrosti. Kwa hiyo barafu yake imejificha. Nyuma ya sehemu ya juu kuna ubao wa plastiki, na nyuma ya ubao huo ndimo yalimo mabomba ya baridi na feni ndogo. Feni inapuliza baridi: sehemu inabaki juu, sehemu inashuka chini kwa njia nyembamba. Unyevu wote wa ndani unaganda kwenye yale mabomba. Ndiyo maana kila baada ya saa kadhaa frigo inasimamisha mota na kuwasha rezistansi, kama ile ya rezo yenu ila ndogo, kwa nusu saa hivi. Barafu inayeyuka, maji yanashuka kwenye sinia juu ya mota, yanakauka huko.

Niliutoa ubao. Mabomba sikuyaona. Niliona bonge la barafu, la mraba, jeupe, kama mkate uliotoka kwenye chombo chake, na feni imekwama ndani yake nusu. Rezistansi ilikuwa imekatika, uzi wake mwembamba umeungua. Kwa hiyo barafu ilijengeka siku kwa siku, ikaziba kwanza njia ya kushukia chini, ndipo maziwa yakachacha huku juu nyama bado imeganda. Mkiona hivyo, juu pazima chini pagonjwa, gesi ifikirieni mwisho.

Na mnaona sasa nani aliyekuwa akiiponya? Si mimi. Zile siku tatu, zile siku mbili, frigo ililala bila kuran, mlango wazi, bonge likayeyuka. Ningeweza kuitilia maji ya baraka ingepona vilevile. Baada ya siku tisa bonge lilikuwa limerudi. Tangu hapo, mtu akiniambia "fundi wa kwanza aliitengeneza ikakaa wiki moja ikaharibika tena", namwuliza tu: ilikaa kwake siku ngapi imechomolewa? Yule mama nilimrudishia pesa zake kwa miezi mitatu. Hakunibariki tena.

Kuna jambo moja la mji wetu ambalo mafundi wa miji ya joto hawalijui. Mwezi wa sita na wa saba, usiku hapa unashuka chini ya digrii 10, mnavaa koti mkienda sokoni. Frigo nyingi za milango miwili zina termostati moja tu, na iko chini, kwenye mboga. Frigo iliyokaa varandani usiku ule, termostati yake inaona digrii 5 chini, inasema kazi imekwisha, inailaza mota. Huku juu nyama inayeyuka. Mtu anaongeza namba, anaita fundi, fundi anatia gesi. Ingizeni frigo ndani ya nyumba, basi. Kile kibati cha nyuma kina herufi pia, za joto la mahali frigo inapokaa: SN ni ya digrii 10 mpaka 32, N ni 16 mpaka 32, ST ni 16 mpaka 38, T ni 16 mpaka 43. Hizi frigo za okazyo, zilizokwisha tumika, za Bulaya (Ulaya), nyingi ni SN au N. Mwezi kama huu, chini ya mabati, saa nane mchana, mnazidai kazi ambayo hazikuitiwa.

Nimeona mkono. Ndiyo, mama. Anauliza juu ya frigo aliyoileta kutoka Kasumbalesa, kule mpakani, imelala chali kwenye lori, akaichomeka usiku ule ule. Mama, mota ina mafuta ndani. Ikilala, mafuta yanatoka na kwenda kwenye mabomba. Isimamishe, iache mpaka kesho yake ndipo uichomeke. Kama ulikwisha kuichomeka na inatoa baridi, mshukuru Mungu, usirudie.

Na huyu baba wa mlangoni. Kuran ikikatika siku mbili? Kongelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi yake saa 48 hivi. Iliyo nusu, saa 24. Frigo ya chini, saa 4. Kwa hiyo pengo lolote lijazeni chupa za maji, hata kama hamziuzi. Na mkisafiri kwenda matanga, gandisheni kikombe cha maji, juu yake wekeni nati ya chuma. Wazungu wanaweka sarafu, sisi franka zetu ni karatasi. Mkirudi mkaikuta nati imezama chini ya barafu, yale maji yaliyeyuka yakaganda upya, na samaki walifanya hivyo hivyo. Msiwauze.

Haya, sasa mgonjwa wa parokia. Mama Prezidanti, njoo wewe. Usiniangalie mimi, isikilize. Inaunguruma? Inaunguruma, haisemi tik. Weka kiganja ubavuni. Vuguvugu, vizuri, kwa hiyo gesi tuiache ipumzike. Franka zako mia tano, zifungie mlangoni, vuta. Zimebanwa. Fungua juu: kuku wa padri amekauka kama jiwe. Fungua chini: siagi inatiririka. Sasa bonyeza hicho kidude kinachozima taa, feni iamini mlango umefungwa. Nyamazeni wote. Mmesikia? Krr, krr, krr. Hiyo ni feni inakwangua barafu.

Watu walianza kusema wenyewe kabla yangu, sauti kumi kwa mara moja, na mmoja wa wale wababa alikuwa amekwisha kuchomoa plagi.

Vizuri. Mlango wazi, kuku aende kwa jirani, beseni hapa chini, vitambaa pembeni. Jumatatu jioni mtaichomeka, nami Jumatano nitakuja na multimeta na rezistansi mfukoni. Lakini Jumatatu ile ile itatoa baridi safi kabisa, juu na chini, na kuna mtu atataka kunisifu kwa kazi ambayo bado sijaifanya. Padri akianza kunitaja kwenye misa, mwambieni angoje mpaka siku ya kumi.